Hamu Kubwa Si Kosa, na Wala Si Kibali

Muhula uliopita, wiki mbili kabla ya mitihani, rafiki yangu mmoja alikuja chumbani kwangu usiku. Akakaa kwenye kitanda cha chini, akacheza na simu weee, mwisho akaiweka pembeni. "Hivi wewe si unasoma saikolojia? Niambie ukweli basi. Mimi ni mgonjwa?"

Nilidhani anazungumzia malaria. Kumbe sivyo. Ana miaka 24, ana mchumba waliyedumu naye miaka miwili, na hana mwingine. Tatizo lake, kama ni tatizo, ni kwamba anamtamani mchumba wake mara nyingi kuliko mchumba anavyomtamani yeye, na alimwambia hivyo wazi. Mchumba akakunja sura: mwanamke wa kawaida hayuko hivyo, wewe una jini mahaba. Rafiki yangu akaamini. Akatafuta mtaalamu wa hayo mambo, akalipa karibu robo ya bumu lake kwa dawa ya kunywa na maji ya kuogea. Hamu haikuondoka. Kilichoondoka ni usingizi, maana kila mwili ulipomsumbua alidhani jini limekuja.

Wiki hiyohiyo, nikiwa kwenye foleni ya chakula, niliwasikia washikaji wanne nyuma yangu wakimsifia mwenzao mwenye wasichana watatu katika hosteli tatu tofauti. "Mwamba yule, betri yake haiishi!" Wakacheka, wakagongeana mikono. Hakuna aliyesema apelekwe kwa mtaalamu.

Makala hii ndiyo jibu nililoshindwa kumpa rafiki yangu usiku ule. Tutaangalia maneno tunayotumia kumtaja mtu mwenye hamu kubwa ya ngono, yalikotoka mawazo yaliyo nyuma ya maneno hayo, wanachosema wataalamu leo, na jinsi ya kutofautisha hamu na tatizo. Tunazungumzia watu wazima.

Tuanze na midomo yetu

Chukua kalamu, andika maneno yote unayoyajua ya kumtaja mwanaume mwenye hamu kubwa. Utapata rijali, kidume, dume la mbegu, mwamba. Sasa andika ya mwanamke. Utapata kicheche, kiruka njia, malaya, hajatulia. Orodha ya kwanza unaweza kuisoma mbele ya muhusika akatabasamu. Ya pili ukiisoma mbele ya muhusika, jiandae kwa kofi.

Neno rijali linafundisha mengi. Asili yake ni Kiarabu, ambako lina maana ya wanaume tu. Kiswahili kikaliongezea uzito: rijali ni mwanaume mwenye nguvu za kiume. Maana yake ni kwamba ndani ya lugha yetu, kuwa mwanaume na kuwa na hamu na nguvu ni kitu kimoja. Mwanamke hana neno la namna hiyo. Na mwanaume asiyefikia kipimo naye ana jina lake, hanithi, na hilo ni tusi linaloweza kuvunja ndoa.

Kwa hiyo msidhani wanaume wamepona. Angalia foleni kwenye supu ya pweza jioni. Angalia wanaouza mkuyati na vumbi la Kongo, halafu angalia umri wa wateja: vijana wa miaka 20 na kitu, ambao miili yao haina shida yoyote. Hawatibu ugonjwa, wanatibu hofu. Mwanamke anaogopa kuonekana anayo hamu nyingi, mwanaume anaogopa kuonekana anayo kidogo, na wote wawili wanalipa hela kwa watu wanaojua kuuza dawa ya hofu.

Madaktari nao waligeukageuka

Utaambiwa kwamba ni maumbile: mwanaume anataka, mwanamke anavumilia. Kama ni maumbile, mbona historia inageuka?

Ulaya ya karne ya 15 ilifundisha kinyume kabisa. Kitabu cha *Malleus Maleficarum*, kilichoandikwa miaka ya 1480 kuwaelekeza wawindaji wa wachawi, kilidai kwamba wanawake ndio wenye tamaa isiyotosheka na kwamba uchawi wao unatoka humo. Mwanamke alikuwa moto, mwanaume ndiye mwenye akili ya kujizuia.

Karne nne baadaye wakageuza. Mwaka 1857 daktari wa London aitwaye William Acton alichapisha kitabu ambamo alidai kwamba wanawake wengi hawasumbuliwi sana na hisia za kimapenzi za aina yoyote. Mwanamke mwema sasa akawa baridi, na mwanaume akawa moto. Tazama lakini kilichobaki palepale. Mwanamke alipodhaniwa ana hamu nyingi kwa asili, aliitwa mchawi. Alipodhaniwa hana hamu kwa asili, yule aliyeonekana anayo akaitwa mgonjwa. Nadharia iligeuka, wa kuadhibiwa akabaki yuleyule.

Ugonjwa wenyewe ulishapewa jina. Mwaka 1771 daktari Mfaransa, de Bienville, alichapisha kitabu kizima juu ya nimfomania, yaani wazimu wa hamu kwa wanawake. Wanaume nao walikuwa na jina lao tangu enzi za Wagiriki, satiriasi. Lakini mwanahistoria Carol Groneman, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu jambo hili, anaonyesha jinsi karne ya 19 ilivyomkazia macho zaidi mwanamke. Na dalili za "ugonjwa" wake zilikuwa ndogo mno: kumtamani mume kuliko mume anavyotaka, au kuchangamka kupita kiasi mbele ya wanaume. Rafiki yangu angelazwa.

Wengine walifanyiwa makubwa kuliko kulazwa. London hiyohiyo, daktari wa upasuaji Isaac Baker Brown aliwakata wanawake kisimi akidai anawatibu kifafa na wazimu. Mwaka 1866 aliandika kitabu kujisifia kazi hiyo. Mwaka 1867 wenzake katika chama cha madaktari wa uzazi cha London walimfukuza uanachama. Sehemu kubwa ya malalamiko yao ilikuwa kwamba alifanya upasuaji bila wagonjwa na familia zao kuelewa kinachofanyika.

Tusiwacheke Waingereza haraka. Moja ya sababu zinazotajwa hadi leo kutetea ukeketaji hapa kwetu ni kumpunguzia msichana hamu, "asije akahangaika". Tanzania ilipiga marufuku kumkeketa aliye chini ya miaka 18 kupitia sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na Kenya ilitunga sheria yake kamili mwaka 2011. Bado mikoa kama Manyara, Mara na Dodoma inapambana nao. Wembe wa ngariba na kisu cha Baker Brown vinatofautiana bei, ila wazo ni moja: hamu ya mwanamke ni kitu cha kuondolewa kabla hakijaleta aibu.

Nyumbani hatukuwa kimya

Kuna wanaosema mazungumzo haya ni ya kuiga. Mtu wa pwani atakushangaa. Unyago umekuwepo muda mrefu, na ndani yake kungwi anamfundisha mwari mwili wake, usafi wake, na namna ya kukaa na mume chumbani, bila kupepesa macho. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini nyumbani kwao alijulikana pia kwa unyago. Hakuna aliyemwona mhuni kwa kuwafundisha wari mambo ya kitandani. Alikuwa mwalimu.

Tukubali pia kasoro. Mafunzo mengi ya unyago yanamlenga mume: aridhike vipi, arudi nyumbani vipi, asitoke nje vipi. Mwari anatambuliwa kuwa na mwili unaohisi, lakini swali la yeye mwenyewe anataka nini, mara ngapi, mara nyingi halipewi nafasi hiyohiyo. Na wengi wetu tuliokulia mjini hatukupata hata hayo. Tulipata shangazi aliyenong'ona "jitunze" na simu iliyotuonyesha mengine yote.

Dini je? Imam Ghazali, katika mlango wa ndoa wa kitabu chake kikubwa cha Ihya, anamkumbusha mume kwamba mke ana haki ya kutimiziwa haja yake, na anazungumzia hata baada ya siku ngapi mume asizidishe kumwacha. Msomi wa Moroko, Fatima Mernissi, aliliona hilo katika kitabu chake cha 1975: kwa Ghazali, mwanamke ana hamu, tena yenye nguvu, na jamii nzuri ni ile inayohakikisha inatimizwa ndani ya ndoa. Ila Mernissi hakuishia kwenye sifa. Alionyesha kwamba hamu hiyohiyo ilionwa kuwa hatari, na ikatumika kuhalalisha kumfungia mwanamke ndani. Upande wa Wakristo, Mtume Paulo katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya saba, anawaambia mume na mke wasinyimane, na anaweka haki sawa kwa wote wawili.

Dini zote mbili zinaweka mpaka wa ndoa, na mwenye imani anaujua mpaka wake. Lakini kuvuka mpaka ni jambo moja, na kuwa na hamu ni jingine. Katika maandiko hayo hamu ya mke haiitwi ugonjwa. Hayo tuliongeza wenyewe.

Mara ngapi ni nyingi?

Hapa ndipo kila mtu anataka namba. Alfred Kinsey, mtaalamu wa wadudu aliyegeuka mtafiti wa ngono kule Indiana, Marekani, alitoa vitabu viwili, cha wanaume 1948 na cha wanawake 1953, kutokana na mahojiano na maelfu ya watu. Watakwimu walimkosoa kwa jinsi alivyowapata watu wake, na walikuwa na haki. Lakini jambo moja lilibaki limesimama: watu wanatofautiana mno. Kuna wanaokaa miezi bila kuwaza, kuna wa kila siku, na katikati yao mstari haukatiki popote. Ni kama urefu. Unaweza kusema fulani ni mrefu, lakini hakuna sentimita ambayo ukiivuka unakuwa mgonjwa.

Miaka ya 1990 daktari wa akili Mmarekani, Martin Kafka, alijaribu kukata mstari: kufika kileleni mara saba au zaidi kwa wiki, kwa miezi sita mfululizo. Baadaye aliandaa pendekezo ili hamu iliyopitiliza iingizwe kama ugonjwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Mwongozo ulipotoka mwaka 2013, pendekezo hilo halikuwemo.

Shirika la Afya Duniani lilipita njia yake. Toleo la kumi la orodha yake ya magonjwa lilikuwa bado na kipengele cha hamu iliyozidi, na nimfomania na satiriasi zikitajwa humo kwa majina. Toleo la kumi na moja, lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, liliachana na kipengele hicho. Badala yake kuna tatizo la tabia ya ngono isiyozuilika. Soma vizuri: tabia isiyozuilika, siyo hamu kubwa. Kinachopimwa ni kushindwa kujizuia kwa muda mrefu, kwa kawaida miezi sita au zaidi, hadi maisha yanaharibika: masomo, kazi, afya, familia. Mwongozo unasema wazi kwamba mtu mwenye hamu kubwa anayeweza kujitawala, na ambaye maisha yake yanakwenda, asipewe jina hilo. Na unaongeza jambo ambalo ningependa libandikwe kwenye kila mbao za matangazo hapa chuoni: kama mateso ya mtu yanatokana tu na kuona kwamba hamu yake ni dhambi au aibu, hayo peke yake hayatoshi kumfanya mgonjwa.

Sababu ipo. Mwaka 2015 mwanasaikolojia Joshua Grubbs na wenzake walionyesha, kuhusu picha za ngono, kwamba watu wanaoamini ni dhambi walijiona waraibu zaidi, hata walipokuwa hawaangalii zaidi ya wengine. Siwaambii watu waache imani zao. Ninasema hatia na ugonjwa ni vitu viwili, na kila kimoja kina mlango wake wa kugonga. Ukibeba hatia kwenda kwa daktari, au ugonjwa kwenda kwa muuza maji ya kuogea, utarudi navyo.

Mafuta na breki

Watafiti John Bancroft na Erick Janssen wa Taasisi ya Kinsey walitoa mfano ninaoupenda, kwa sababu hata dereva wa bodaboda anaujua. Ubongo una sehemu mbili zinazofanya kazi pamoja: mafuta na breki. Mwingine mafuta yake ni makali, yakiguswa kidogo pikipiki inaruka. Mwingine breki zake ndizo kali: mawazo, hofu ya mimba, ugomvi wa asubuhi, vyote vinamsimamisha. Mtu mwenye mafuta makali na breki nzima hana tatizo. Anahitaji tu kujua chombo anachoendesha. Tatizo ni breki zinapokatika.

Kwa hiyo ukitaka kujikagua, usihesabu mara ngapi. Jiulize haya:

1. Nikiamua kuacha au kuahirisha, ninaweza?
2. Kuna kitu kinaharibika na bado naendelea, kama masomo, pesa, afya, au usalama wangu au wa mwingine?
3. Ninafanya kwa sababu napenda, au kwa sababu nakimbia huzuni na upweke, na nikimaliza ninajisikia vibaya kuliko mwanzo?
4. Mwenzangu anakubali kwa moyo wake, au anaogopa?

Ukiona majibu yanakutisha, nenda kitengo cha ushauri nasaha au hospitali. Na kuna hali moja ya kuwahi. Kama hamu imepanda ghafla, tofauti na ulivyokuwa, pamoja na kukosa usingizi siku kadhaa bila kuchoka, kuongea mfululizo na kutapanya hela, hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia, na unatibika. Dawa nazo zinaweza kuchangia: baadhi ya zile za ugonjwa wa Parkinson zinajulikana kuamsha hamu isiyozuilika kwa wagonjwa wengine. Hapo mwone daktari, na usiache dawa kienyeji.

Na wala si kibali

Sasa niwageukie washikaji wa foleni ya chakula, maana wanaweza kuichukua makala hii wakasema, "Si umeona, hata wataalamu wanasema ni kawaida!"

Hamu ni ya kwako, mwili wa mwingine si wa kwako. Mafuta makali hayajawahi kuwa utetezi wa ajali. Lakini sisi tunautumia kila siku. Mhadhiri akimwita mwanafunzi ofisini kuhusu alama zake kisha akafunga mlango, utasikia watu wanasema "mwanaume ni dhaifu" na "binti naye alivyovaa". Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaiita rushwa: kutumia mamlaka kudai ngono. Hakiulizi hamu ilikuwa kubwa kiasi gani. Na ukitazama vizuri, mtu anayesubiri ofisi iwe tupu, anayechagua asiye na mtetezi, breki zake zinafanya kazi vizuri kabisa. Anazikanyaga anapotaka.

Kiswahili chetu chenyewe kiliwahi kulielewa hili. Miaka ya mwisho ya 2000, matangazo ya redio Tanzania yalitupa neno fataki, yaani mwanaume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo. Neno likashika mitaani. Huenda ndilo neno letu kali zaidi dhidi ya tabia ya ngono ya mwanaume, na angalia linalaani nini. Halisemi ana hamu nyingi. Linasema anaumiza asiye na nguvu. Hicho ndicho kipimo ninachokitafuta tangu mwanzo wa makala hii, na kilikuwa midomoni mwetu muda wote.

Jibu kwa rafiki yangu

Nilimwambia hivi mwishowe: hauumwi. Huumizi mtu, hujapoteza breki, unampenda mtu mmoja na umemwambia ukweli. Akakubali kwenda ushauri nasaha, na baada ya kusumbuana wiki nzima mchumba naye akaenda.

Kule ndiko ukweli ulipotoka. Mchumba alikuwa na mwaka mgumu, mradi wa mwisho ulimkalia kooni, na hamu yake ilishuka kama inavyoshuka kwa yeyote aliyechoka. Lakini alilelewa kujua kwamba mwanaume yuko tayari saa zote. Mpenzi wake alipomwomba naye akashindwa, neno lililomjia kichwani lilikuwa lile tusi, hanithi. Kuliko alibebe, akatafuta jini wa kulibebesha. Alilia alipolisema, na rafiki yangu anasema ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia.

Bado hamu zao hazilingani. Wanajadiliana, kama wanavyojadiliana juu ya hela ya kodi. Chupa za dawa alizitupa. Bumu halikurudi.

Maswali ya kujadiliana chumbani

1. Katika lugha ya kwenu, kuna neno la heshima la kumtaja mwanamke mwenye hamu kubwa? Kama halipo, mnadhani ni kwa nini?
2. Kwa nini tunawaza haraka kwamba mwanaume mwenye hamu ndogo ana kasoro?
3. Ni maneno gani tunayotumia hapa chuoni yanayomlinda anayeumiza wengine kwa kisingizio cha hamu?
4. Wewe na mwenzako mmewahi kuulizana kila mmoja anataka nini, au mnasubiri mmoja akasirike?